Kabla ya Kufunga Mlango, Muage Paka

Jumatatu, tarehe 4 Februari

Shemeji Spana,

Nimefika salama na mizigo yangu yote, isipokuwa ule mwavuli ulionikopesha, ambao nadhani sasa ni mali ya dereva.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua kama bibi wa zamani wakati simu ninayo na wewe unayo. Kasha la vipuri linatoka huku kwenda huko na kurudi kila wiki kwa gari la hospitali, na ndani yake huwa kuna nafasi. Halafu wewe kwenye simu unasema "ehe, ehe" huku unafungua skrubu. Barua utaisoma umekaa.

Karakana ya hospitali ya huku ni kubwa kuliko yetu. Ina meza nne ndefu, dirisha lililopakwa rangi hadi halifunguki, na kabati ambalo nimeambiwa ndilo la maelekezo ya kazi. Nimelifungua. Nimekuta pasi iliyoungua, kiatu cha mguu mmoja, na karatasi inayoeleza jinsi ya kutumia mashine ambayo hospitali hii haina tena. Mengine yote yamo vichwani mwa mafundi, na mafundi hawana muda nami.

Wako watatu. Wawili ni chanda na pete, wanacheka vya kwao. Wa tatu wanamwita Kimya, na sina haja ya kukueleza sababu. Nikiwauliza, "Hii mashine ya kufyonza mnaisafisha vipi?" wananijibu, "Kama kawaida." Shemeji, sijapata kuona adui wa kazi yangu kama hilo neno kawaida. Jioni ikifika kila mmoja anachukua mkoba wake. Hakuna anayeaga. Nasikia mlango tu.

Sawa, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mkuu wa huko aliniahidi ni mwaka mmoja, niwawekee maelekezo sawa, kisha nirudi mezani kwangu. Kwa hiyo jalada langu huko lishike vizuri. Kila karatasi ina mstari chini ulioandikwa "Mwulize", na jina na namba ya simu. Mtu akihama, jina lake litoke kwenye karatasi zote mwezi usipite. Na kila robo mwaka mwenye karatasi aisome upya, na kama hakuna kilichobadilika aandike "Bado ni kweli" na kutia sahihi. Usitie sahihi bila kusoma. Nakujua.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Shemeji yako,
Mama Faili


Alhamisi, tarehe 14 Februari

Shemeji Mama Faili,

Mwavuli umerudi. Dereva kauleta mwenyewe, umevunjika mbavu mbili, anasema aliukuta hivyo. Nimemsamehe kwa niaba yako.

Dunia imepinduka. Mtu wa kupigana na bomba la mvuke nimekabidhiwa kalamu ya wino mwekundu na gundi. Jana nilizunguka wodi zote na jalada lako kwapani, manesi wakanicheka kwamba shemeji mtu kanigeuza karani. Nikawaambia afadhali karani kuliko mume wa mtu.

Nimeanza kutoa jina lako kama ulivyoagiza. Karatasi ya mashine za presha, imetoka. Ya kuchemshia vyombo vya upasuaji, imetoka. Lakini nikuambie ukweli, mkono ulikuwa mzito. Nilikumbuka ulivyoileta hii kanuni. Kaka alikuwa ameshazikwa, na simu yake iko kwenye droo yako inaita. Wodi hii, wodi ile, "Fundi, mashine imezima." Jina lake lilikuwa bado kwenye kila ukuta. Nilikuwepo siku moja ulipopokea. Ulisema tu, "Fundi hayupo, mpigie mdogo wake." Hukusema amefariki. Halafu wiki iliyofuata ukaja kazini na mkasi, hukumsalimia mtu, ukaenda ukuta kwa ukuta.

Wakati ule nilikuona una roho ngumu. Sasa ndio naona.

Mama anauliza utarudi lini. Nimemwambia mwaka si mrefu. Chumba chako anakifagia kila Jumamosi, na hakubali nimsaidie, anasema mimi nafagia kama ninafukuza nyoka.

Nikutoe kwenye zote kweli?

Spana


Jumatatu, tarehe 25 Februari

Shemeji,

Nitoe kwenye zote. Kanuni haimbagui aliyeitunga, la sivyo watasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliyehama amehama.

Huku nimeshaandika karatasi kumi na moja. Nilipata wapi maneno, usiulize. Nimesimama nyuma ya watu wanaofanya kazi kama mtoza ushuru, nikitazama mikono yao na kuandika. Kimya ndiye bora, kwa sababu hasemi "kama kawaida". Haongei chochote, lakini akiona naandika anapunguza mwendo. Nimezichapa, nimezitia plastiki, nimezitundika kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo hata kipofu atazigonga kwa bega.

Hakuna aliyezifunua. Nimejua vipi? Kwenye karatasi ya kufunga karakana jioni nimeandika hatua zote kwa mpangilio: zima feni, chomoa pasi ya kuunganishia nyaya, funga mtungi wa gesi. Halafu hatua ya mwisho nikaandika: "Kabla ya kufunga mlango, muage paka." Shemeji, huku hatuna paka. Hata panya wamehama. Wiki nzima imepita na hakuna aliyeniuliza paka gani.

Kwenye mstari wa "Mwulize" sijaandika jina la mtu. Hawa hawakubali kuandikwa, na mimi nitaondoka.

Nilikuwa nimeshaikunja hii barua, nimeikunjua tena. Niachie moja. Karatasi moja tu, ukuta wowote, ile ambayo haina kazi sana. Usiniambie ni ipi. Ninapokaa hapa jioni nataka nijue kwamba kuna mahali nimeandikwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na walikuwa na haki, lakini wao hawakukaa kwenye chumba hiki. Ni ujinga, najua. Nifanyie hivyo hivyo.

Mama Faili


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Shemeji,

Imefanyika. Umetoka kote, umebaki mahali pamoja. Pamoja wapi, hilo ni siri ya serikali.

Habari ya paka imenichekesha hadi nikaangusha bisibisi kwenye kiyoyozi cha maabara, na bado imo humo. Mwandikie na chakula chake basi. Ukiona mtu ameleta maziwa ujue unasomwa.

Wiki hii nimechafuka kuanzia kisogo hadi kisigino. Tumefanya kazi ya mabomba, nitakueleza siku nyingine. La muhimu ujue kwamba karatasi zake nimeziandika upya mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nimezibandika bila kusukumwa na mtu. Ungeniona ungenisifu. Au ungesahihisha nafasi kati ya mistari, nakujua na wewe.

Mama anasema sauti yako kwenye simu ile Jumapili ilikuwa ya mtu asiyekula. Nikamwambia mtandao ule, mtandao hauna nyama. Lakini kula, shemeji.

Spana


Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Shemeji,

Samahani kwa ukimya. Kazi.

Nauliza tu: wodi ya watoto wazima? Sista wa pale hajambo? Nimewakumbuka ghafla. Kama kuna habari yoyote ya pale, hata ndogo, niandikie.

Simu yangu iliita mchana wiki iliyopita na nikapokea kwa kiherehere bila kutazama. Mtu alikosea namba.

Nawasalimu nyote.

Mama Faili


Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Shemeji,

Wodi ya watoto wazima. Sista hajambo, anakusalimu. Hakuna jipya.

Karatasi zote ziko sawa.

Mama hajambo.

Wako,
Spana


Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Shemeji,

Barua yako haina mzaha hata mmoja. Tangu niolewe kwenu sijakuona ukikosa mzaha. Hata msibani kwa kaka yako ulimtania mchimba kaburi. Basi unajua, na mimi najua kwamba unajua. Tusizungushane.

Simu ile haikukosea namba. Iliita wenzangu wamekwenda kula, niko peke yangu na sahani yangu juu ya meza ya kazi. Alikuwa Sista wa wodi ya watoto. "Mama Faili, king'ora cha oksijeni kinalia, mtungi unakaribia kwisha, nifanyeje?" Nyuma yake nilikuwa nakisikia kinalia.

Nikuambie nilichohisi, maana ndicho kinachoninyima raha hadi leo. Nilifurahi. Kabla sijamwaza mtoto, kabla sijawaza chochote, nilifurahi kwamba kuna mtu ananiuliza mimi. Tangu nije hapa hakuna aliyeniuliza hata saa ngapi. Nilikuwa na maneno mepesi ya kusema: "Sista, mimi nimehama, mwite Spana, yuko hapo ng'ambo ya ua." Maneno hayo nilikuwa nayasema kwenye simu ya kaka yako bila kusita. Safari hii jina lililoitwa lilikuwa langu, na sikutaka kulirudisha.

Nikamwambia, kwa sauti ya mwenye kazi yake, "Funga koki ya kulia, fungua ya kushoto." Ndivyo karatasi inavyosema. Niliiandika mwenyewe.

Akafanya. King'ora kikabadilika mlio. Akasema, "Haitoki, Mama Faili. Haitoki kabisa." Kisha simu ikawekwa mahali, nikasikia viatu vinakimbia, na mwanamke anaita jina la mtoto wake, analirudia. Ikakatika. Nikapiga, haikupokelewa. Wewe sikukupigia. Niliogopa kwamba utapokea.

Hiyo ndiyo karatasi uliyoniachia, sivyo? Na kuna kitu mmebadilisha pale.

Niambie mtoto yu hai. Anza na hilo, mengine yafuate.

Mama Faili


Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Shemeji yangu,

Mtoto yu hai. Ni wa kike, ana miaka minne, ametoka wodini kwa miguu yake huku akimgombeza mama yake kwa kumvalisha viatu kinyume. Nilikuwepo nikamwona kwa macho yangu haya. Pumua kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Ile wiki ya mabomba tulikuwa tunapanga upya chumba cha mitungi. Mitungi ya kushoto tuliiondoa yote. Koki yake bado iko ukutani, lakini nyuma yake hakuna kitu, ni bomba tu limezibwa. Karatasi mpya inasema hivi: king'ora kikilia, usiguse koki yoyote, mwite Spana, mtungi wa kulia utadumu hadi afike. Sista alipofunga ya kulia alikata kile kidogo kilichokuwepo, na kwa hofu hakuwaza kuifungua tena. Alikuja mbio uani bila kofia. Nilimpita njiani, sijui nilifikaje. Nikafungua. Nilishika ile koki hata baada ya kufunguka, nikashindwa kuiachia.

Karatasi mpya niliibandika chumba cha mitungi, nikaibandika karakana, nikaibandika mapokezi. Nilifika wodi ya watoto na ya mwisho mkononi, na jina langu limeandikwa chini. Nikatazama ile ya zamani. Tundu zile za skrubu alizitoboa kaka, na jina lako liko pale ambapo lake lilikuwa. Ulikuwa umeniomba moja. Nikasema moyoni, pale oksijeni haijawahi kuwasumbua, nitarudi siku nyingine. Nikarudi na karatasi yangu. Baada ya mkasa nimefuta hatua zake kwa wino mwekundu, ila kuing'oa mkono umekataa. Wewe uliomba, lakini mimi ndiye niliyejua kwamba chumba kimebadilika. Usijibebeshe wewe mzigo wote. Nami nina mkono wangu humo.

Mkuu aliuliza nani kasema ifunguliwe ya kushoto. Sista ni mtu mkweli. Mkuu akasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi nimepewa barua ya onyo, nimeitundika chooni nyumbani ili niwe naikumbuka kila siku. Hilo si kitu. Lililobaki ndilo ninaloshindwa kuliandika.

Ameajiri mtu wa maelekezo. Ni dada mmoja mwembamba, ana miwani. Anakaa mezani kwako. Kile kikombe chako cha kalamu amekiweka kabatini kwa heshima, amekifunika na karatasi. Nilitaka kumchukia, ila anasoma kila mstari kabla ya kutia sahihi, na amenirudishia karatasi zangu mbili. Mkuu anasema wewe ubaki huko moja kwa moja, kazi yako huko inasifiwa. Nilikuwa nimeamua kukuficha hadi mwaka uishe. Mama sijamwambia. Jumamosi bado anafagia.

Nisamehe, shemeji.

Spana


Jumatatu, tarehe 6 Mei

Shemeji,

Nimesoma kuhusu viatu vya huyo mtoto mara nyingi. Namshukuru Mungu, na nawe nakushukuru kwa mbio zako.

Usiombe msamaha kwangu. Ulinipa nilichokuomba, na niliomba kitu ambacho nisingempa mtu yeyote. Ningemkatalia mkuu. Ningemkatalia kaka yako, na kweli nilimkatalia, kwa mkasi. Wakati ule watu walisema nina roho ngumu, kumbe nilikuwa na akili. Sasa mimi ndiye ile simu kwenye droo, inaita, na anayepokea hajui tena nyumba imepangwaje.

Kuhusu meza sitakudanganya, imeniuma. Nililia hapa karakana, na kwa kuwa hapa nikilia au nikicheka ni sawa tu, nililia hadi nikachoka mwenyewe. Nilikuwa nimeiweka ile meza mbele yangu kama mtu anayesafiri anavyoweka mbele kituo chake. Kila siku ya hapa nilikuwa naihesabu kuwa si siku yangu. Leo nimeamka na sijui nihesabu nini.

Kwa hiyo fanya haya, na uyafanye leo kabla hujashika spana. Nenda wodi ya watoto ukaing'oe. Bandika yako. Huyo dada wa miwani mwambie mwenye jalada lile ni yeye, asiulize Mama Faili angefanyaje. Akikuta jina langu popote alitoe, na kikombe achukue atumie, kalamu hazipendi kabatini. Skrubu za kaka yako usizitupe. Nitumie kwenye kasha.

Mama mwambie ukweli. Magoti yake hayamruhusu kufagia chumba cha mtu asiyerudi.

Mimi kesho nashughulikia kumi na moja zangu. Zote zina mstari mtupu chini, kwa sababu niliziandika kama mpita njia. Karatasi isiyo na wa kumwuliza ni mapambo ya ukuta. Nitaandika jina langu na namba yangu, wapende wasipende. Na ile ya kufunga karakana naifuta paka. Nimejifunza kwa gharama ya mtoto wa watu kwamba ukutani hapakai kitu kisicho kweli, hata kiwe cha kujifurahisha.

Mama Faili


Alhamisi, tarehe 16 Mei

Shemeji,

Nimeing'oa. Sista alinishikia ngazi. Skrubu nne zimo kwenye bahasha ndogo ndani ya kasha, chini ya mikanda ya feni. Moja imeota kutu, nilijaribu kuisugua nikaiacha kama ilivyo. Ukuta una alama ya mstatili mweupe, karatasi yangu ni ndogo haiizibi yote.

Dada wa miwani kachukua kikombe. Alisema "ahsante" kwa dirisha, kwa sababu wewe hukuwepo. Nikaona huyu ataelewana nasi.

Mama nimemwambia. Alisikiliza hadi mwisho huku anapepeta mchele. Nikadhani hakunielewa, nikarudia: Mama, shemeji harudi, kazi imemweka huko, anasema usifagie tena. Akaniambia, "Mambo ya kubandua majina mfanye huko kazini kwenu. Chumba si karatasi." Jumamosi akafagia. Safari hii kanikubalia nibebe ndoo.

Kwa hiyo una funguo mbili, shemeji. Wa huko sijui ukoje. Wa huku upo palepale juu ya mlango.

Bisibisi imepatikana kwenye kiyoyozi.

Spana


Jumatatu, tarehe 3 Juni

Shemeji Spana,

Skrubu zimefika. Hiyo yenye kutu nimeiweka mfukoni, nyingine tatu zimeshika ubao wangu mpya. Mwambie Mama nitakuja mwisho wa mwaka, na anibakizie vumbi kidogo nami nifagie.

Nikueleze la juzi, halafu nikatafute chakula.

Nilikuwa nimeshaandika jina langu kwenye zote kumi na moja. Wale chanda na pete walipita, mmoja akasoma kwa sauti, "Mwulize: Mama Faili," akaniuliza, "Ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Aa," akaendelea. Basi, hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwezi mzima, ila siku ya pili alikuja kweli kuuliza, juu ya mashine ya kufyonza, na nilikuwa nalijua jibu kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake mwenyewe nikaliandika.

Ile ya kufunga karakana niliibakiza ya mwisho. Nilikuwa nimeishusha kutoka msumarini jioni, iko mbele yangu, na nimeshika wembe wa kukwangulia. Wale wawili wakaondoka. Nikasikia mlango. Akabaki Kimya. Nilimsikia akizima feni, akichomoa pasi, akienda kwenye mtungi wa gesi akaukaza, na ndipo nilipotambua kwamba anafuata mpangilio wangu, hatua kwa hatua, bila karatasi. Karatasi nilikuwa nayo mimi. Alikuwa anaijua kwa moyo, na sijui tangu lini. Labda jioni zote hizo nilikuwa nimempa mgongo, nikisikiliza mlango tu.

Akachukua mkoba wake. Akafika mlangoni akasimama. Akanitazama pale nilipokaa, peke yangu, na taa moja, kwa uso wake uleule usio na habari.

Akasema, "Kwaheri, paka."

Akaenda zake. Shemeji, sikuwahi kusikia sauti yake kabla ya hapo. Ni nzito, haifanani naye. Nilichelewa kujibu. Nilijibu mlango ukiwa umeshafungwa, na nadhani alinisikia, maana hatua zake uani zilisita kidogo ndipo zikaendelea.

Niliweka wembe chini. Nikaisoma karatasi yote upya tangu juu, kama kanuni inavyotaka, mstari kwa mstari. Nikakuta hakuna cha kufuta. Chini nikaandika tarehe, nikaandika "Bado ni kweli", nikatia sahihi, nikairudisha msumarini.

Mama Faili